Wapigaji wa Baba, Wapikaji wa Mama Mkwe

Baba yangu hakuwahi kumuuliza mwanamume aliyenitaka anafanya kazi gani, anasali wapi, wala ukoo wao una maradhi gani. Swali lake lilikuwa moja tu. Angemkaribisha mtu, angempa kiti, angesubiri chai ipoe kidogo, halafu angekohoa na kuuliza: "Kijana, katika mchezo wa besiboli, mpigaji mkubwa wa wakati wote ni nani?"

Sitanii. Kwetu ni milimani, Kenya, watu wanalima chai na kubishana kuhusu kandanda kama Wakenya wengine wote. Lakini baba alipokuwa chuo cha ualimu alikuja mwalimu mgeni kutoka ng'ambo na magongo kwenye mkoba, akawafundisha mchezo wao. Mmoja anarusha mpira kwa hasira, mwenzake anasimama na gongo anaupiga, kisha anatimua mbio kuzunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Mgeni akaenda zake, baba akabaki na ugonjwa. Kila shule aliyofundisha, seremala alichongeshwa magongo ya mkaratusi. Mimi bintiye nilikuwa mbovu kupita kiasi. Nilikuwa nafumba macho mpira ukija, na hadi leo nikirushiwa hata funguo nafumba.

Mwamuzi wa mchezo huo huongea kwa mikono. Mkimbiaji akichelewa kufika, dole gumba linarushwa juu: auti, ametoka. Akifika salama, mikono miwili inatandazwa kama mtu anayelainisha shuka: sefu. Baba alituamua hivyo nyumbani pia. Ripoti ya shule mbaya, dole. Ukirudi kisimani na ndoo imejaa, sefu. Yule mhasibu niliyempeleka nyumbani miaka ile, mwenye viatu vinavyong'aa, aliulizwa swali akacheka na kusema, "Mzee, hilo simu itajibu sasa hivi." Baba alimsindikiza hadi langoni kwa heshima zote. Alipogeuka kuniangalia, dole lilikuwa juu.

Maana baba hakutaka jina. Alitaka kuona mtu anavyofika kwenye jina. Mwenyewe hakuwahi kufika. Maisha yake yote alibishana peke yake: wa zamani walisafiri kwa treni na kucheza juani, lakini warushaji wao walichoka, wa sasa wana madaktari na mashine, lakini wanarushiwa mipira yenye moto ambao wa zamani hawakuuona. Moto ndilo neno lake la mpira wa kasi. "Yule mrushaji ana moto," angesema, tonge la ugali hewani. Na mama, Mungu amrehemu, angejibu kutoka jikoni, kila siku jibu lilelile: "Mkubwa ni yule anayekuja kula chakula kikiwa moto."

Mama hakuwahi kumuuliza baba kama chakula ni kitamu. Alikuwa anasubiri neno moja. Baba akishamaliza alikuwa anasukuma sahani mbele kidogo na kusema, "Niongezee," na mama angeinuka amejaa kiburi utadhani amepewa nishani. Tangu tumzike, baba anakula akiwa amesimama, yai la kuchemsha, uji, basi. Hakuna aliyelisikia lile neno tena.

Sasa fikiria hali yangu. Niko Johannesburg, nafanya kazi ofisi moja ya bima huko Midrand, nakaa mtaa wa Observatory kwenye nyumba ya kupanga iliyoning'inia kilimani, na nimependa. Nimependa vibaya. Nimempenda fundi cherehani wa Lubumbashi mwenye chumba cha kazi mtaa wa pili, Bellevue, nilipopeleka sketi ipunguzwe kiuno. Aliishika ile sketi, akanitazama, akasema, "Dada, sketi haina kosa. Ni weye unakula haraka." Nani anamwambia mteja hivyo? Nilirudi juma lililofuata na sketi isiyo na tatizo lolote.

Alinichekesha kwa kila kitu, na zaidi kwa kupika. Watu wa kwao g inawateleza, wanaigeuza k. Kwa hiyo mchumba wangu alikuwa anapika simu, anapika picha, anapika pasi, na siku mbu alipomsumbua alimpika kofi. "Nitakupika simu jioni," angesema, nami ningejibu, "Weka na chumvi." Tulikuwa tunacheka kama wendawazimu barabarani. Wala sikufikiri siku moja hiyo k itanitoa jasho.

Baba akasema atakuja. "Nitamwona, nitawaona watu wake, nitauliza swali langu." Na mimi nilikuwa namtaka huyu mwanamume, na nilitaka baba atandaze mikono. Mimi ni mtu mzima, ningeweza kuolewa bila ruhusa ya mtu. Lakini mama hayupo, na ndiyo ya baba ilikuwa itoke kwa wote wawili. Bila hiyo ningefunga ndoa nikiwa yatima. Niliogopa hadi nikawa nakula vidonge vya tumbo.

Basi nikaanza kumfundisha mtu wangu. Jumamosi ndani ya gari, tukisimama kwenye robot, kabla taa haijawa kijani: "Mrushaji anafanya nini?"

"Anarusha."

"Na mpigaji?"

"Anapika."

"Yesu wangu. Na wa zamani walikuwa na shida gani?"

"Treni," angesema, huku anaangalia mishono ya koti la mtu anayevuka barabara. Eish! Nilimfinya paja.

Siku mbili kabla ya baba kutua, nikamsikia mchumba anaongea na mama yake kwenye simu, huku cherehani inalia. Mama yake anaishi palepale Bellevue, nyumba ya kizamani iliyokatwakatwa vyumba, anasuka nywele ukumbini. "Mama, ule mzee anapenda sana mambo ya bapikaji," alisema. "Atauliza bapikaji bakubwa, wa zamani ao wa leo, nani anazidi. Ujitayarishe." Nilisikia kila neno. Nilikwisha mzoea kiasi kwamba sikio langu liliweka g lenyewe. Nikasema moyoni, mwanamume mwenye akili huyu, anaandaa na familia.

Baba akaja. Usiku wa kwanza nilimpikia kuku wa kienyeji niliyemtafuta soko zima. Alikula nusu sahani, akafuta mdomo, akasema, "Asante, nimeshiba." Nikaosha vyombo.

Jumapili baada ya ibada tukashuka Bellevue. Mama mkwe mtarajiwa alitupokea mlangoni amevaa kitenge kipya ambacho mwanawe alikesha nacho, kilemba kimesimama. Baba alivaa koti lake la mwalimu. Tukakalishwa, sisi wanne, kwenye chumba chenye kabati la glasi. Harufu kutoka jikoni ilikuwa ya kuua mtu. Mchumba alikaa kando yangu, mgongo umenyooka, midomo inatikisika: treni, treni, treni.

Chai ikaja. Ikapoa kidogo. Baba akakohoa.

Lakini hakumgeukia kijana. Adabu ni adabu, alianza na mwenye nyumba. "Mama," alisema, "nimeambiwa nanyi hapa mna maoni kuhusu wapigaji wakubwa."

"Maoni?" Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Baba, hii maulizo nimeiwaza juma yote. Sikulala. Batu banapenda kusema wa zamani banazidi. Mi nasema, ngoja kwanza. Moto yao ilikuwa ya namna gani? Hauwezi kulinganisha mutu wa moto kidogo na mutu wa moto mukali."

Baba alisogea mbele ya kiti. "Moto!" alisema. "Umesema moto?"

"Kabisa. Kila kitu ni moto. Na tena, leo batoto iko na bintu yote. Bintu ya kupima, bintu ya kuhesabu dakika. Mbele ya kupika, banaangalia video mu simu."

"Wanaangalia video!" Baba alijipiga goti. "Kila mara kabla ya kuingia!"

"Zamani ilikuwa paka mukono na jicho."

"Mkono na jicho tu, mama, mkono na jicho!"

Hapo kwenye video ndipo nilipopata mshtuko. Ile kauli niliijua. Juma lililopita nilimsikia mama mkwe akimlalamikia msichana wa chumba cha pili, anayepika wali huku simu imeegemea chupa ya mafuta, akitazama mtu mwingine anapika wali. Nikanusa tena ile harufu. Nikageuka kwa mchumba. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Alikuwa amekwisha elewa. "Mama anaongea chakula," alininong'oneza. "Nimekufa."

"Nyamaza," nilimwambia, huku kicheko kinanipanda kama chafya kanisani. Nilijiuma shavu. Ningefanya nini? Ningesimama niseme, samahani wazee wetu, mmoja anapiga na mwingine anapika? Baba uso wake ulikuwa unawaka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu msiba.

"Na kuko jambo moja batu banasahau," mama mkwe aliendelea, sauti ikashuka. "Kuko bengine bakubwa sana, lakini habakuitwa pale bakubwa banakaa. Juu ya rangi. Juu ya kabila. Bao balipika kwao, fasi ndogo, hakuna mwenye aliandika majina yao. Sasa utasema namna gani unajua mukubwa wa bote?"

Baba alivua miwani. Katika mchezo wake huo, kwa miaka mingi watu weusi walikatazwa kucheza na wakubwa, wakacheza kwao, na baba hakuwahi kulieleza jambo hilo darasani bila sauti kumbadilika. Aliifuta miwani kwa ncha ya tai.

"Basi tutawapimaje?" aliuliza, na aliuliza kama mwanafunzi.

"Kila mutu umupime na benzake ba siku yake. Na moto yake. Alipita benzake mbali namna gani? Njo vile tu. Usimutoe mu wakati yake."

Baba akamshika mama mkwe mkono kwa mikono yote miwili. "Mama," alisema, "nimelitafuta jibu hilo tangu nikiwa na nywele. Sasa nipe jina. Moja tu, hata kama ni la kubahatisha."

"Jina? Kambo yangu."

Kambo kwao ni bibi, mzaa mama. Baba hakulijua hilo, lakini alikuwa na hamu. "Kambo," alirudia, anatafuta kichwani. "Huyo alichezea wapi?"

"Alichezea wapi?" Mama mkwe alishangaa. "Alichezea ku jiko! Sombe yake, ile majani ya muhogo, harusi tatu bangeigombania! Na bukari yake..."

"Sombe?" alisema baba.

Baba alimtazama mama mkwe, akamtazama kijana aliyekuwa ameficha uso mikononi, akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yananitoka, nimeuma kitambaa cha kichwa. "Baba," nilisema, "kwao kupiga na kupika ni neno moja."

Aliguna. Halafu bega moja likatikisika, halafu la pili, na baba yangu akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliye kwake, akaegemea kabati la glasi vikombe vikalia ndani. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akacheka tena. Nami nikaachia. Tulicheka sote isipokuwa mama mkwe, ambaye alikuwa ameshika kilemba chake.

"Ni mupira?" aliuliza. "Mi nimeongea juma yote juu ya mupira?" Akamgeukia mwanawe. "Weye! Umenitia haya mbele ya mukwe!" Kisha kwa baba, sauti imevunjika: "Basi, baba, jibu yangu haina kazi? Mutoto wangu amekosa?"

"Jibu ni jibu, mama," baba alisema, bado anajipangusa. "Sijasikia bora."

"Basi na mi nikuulize. Mupikaji mukubwa wa wakati yote, kwako weye, ni nani?"

Aliuliza kwa kulipiza kidogo, hakujua. Kicheko kikatoka usoni mwa baba polepole. Aliangalia chai yake.

"Mke wangu," alisema.

"Wa wakati yote?"

"Wa wakati wake." Akakizungusha kikombe. "Wakati wake umekwisha."

Mama mkwe hakusema pole. Alimwekea mkono begani, akauacha hapo. Mimi nililia bila kujificha, kwa sababu baba hakuwa amemtaja mama kwa kinywa chake mbele yangu tangu makaburini.

Kisha, masikini weee, akamkumbuka kijana. Alivaa miwani. "Na wewe? Wewe unasemaje?"

Mchumba wangu alisimama. Nilimwona akitafuta treni, akitafuta madaktari, akitafuta kila kitu nilichomjaza kwenye robot zote za Johannesburg. "Baba," alisema, "mimi sijui kitu. Huyu alinifundisha mu gari na nimesahau yote. Sijawahi hata kuuona huo mchezo."

Nilitaka ardhi ipasuke.

"Nje," alisema baba.

Nje! Dole gumba lenyewe, kwa Kiswahili. Mchumba aliinama akatembea kuelekea mlangoni, na mimi nikasimama nimfuate, potelea mbali, tutatoka wawili.

"Mbona mnavaa nyuso za msiba?" baba alisema, anavua koti. "Nimesema twendeni nje. Hajauona, atauona. Mama, una gongo?"

Mama mkwe alikuwa na mwiko wa bukari, ugali wa kwao, mti mnene, mrefu kama mkono wangu mzima. Mchumba akakimbilia chumba chake cha kazi, akarudi na vipande vya vitenge alivyovifunga kwa uzi hadi vikawa mpira, akaupa mishono mitatu ya haraka, akakata uzi kwa meno. Kituo cha kwanza, mtungi wa gesi. Cha pili, mti wa kamba ya nguo. Cha tatu, bomba la maji. Nyumbani, mlango wa jiko. Majirani wakatoka vyumbani na sahani zao.

Baba alirusha. Mchumba alipiga hewa. Alirusha tena, mchumba akapiga hewa tena, akazunguka mwenyewe hadi akakaa chini.

"Toka hapo," alisema mama mkwe. Alipandisha kitenge, akautemea mkono mate, akashika mwiko kama anayesonga ugali wa kilio. "Weye kimbia, mi napika!"

Baba aliachia moto, naapa, ule moto wake wa zamani. Na mama mkwe akaupika. Mpira ulipita juu ya kamba ya nguo, juu ya ukuta, ukaingia uwanja wa jirani, mbwa akaanza kubweka. "Kimbia!" tulipiga kelele wote. Mchumba alikimbia, mtungi wa gesi, mti wa kamba, chupi za watu zikamvaa usoni, bomba, na huko nyuma mpira ulikuwa umerudishwa na jirani juu ya ukuta na mimi, mimi ninayefumba macho, nikaudaka. Niliudaka! Sijui nani alinituma. Kwa furaha nikamtupia baba aliyekuwa amekwisha simama mlangoni, ili amtoe mume wangu mwenyewe.

"Mjinga weye!" mama mkwe alinipigia kelele.

Mchumba akateleza kwenye maji ya bomba. Alikuja kwa mgongo, miguu mbele, suruali aliyoishona kwa siku hii ikapasuka kuanzia goti hadi kwingineko, na kisigino chake kikagusa kizingiti cha jiko wakati uleule mpira unatua mkononi mwa baba. Baba alisimama juu yake. Mkono wa kulia ukaanza kupanda, dole limekunjuka, na mimi nikasema kwa sauti, "Baba, tafadhali."

Alinitazama. Kisha mikono yote miwili ikafunguka, ikatandazwa hadi mwisho, kama anayelainisha shuka la kitanda kikubwa.

"Sefu," alisema. "Amefika nyumbani."

Tulikula palepale uani, mchumba amejifunga kanga ya mama yake. Sombe, samaki, bukari laini. Baba alikula akiwa amekaa. Sisi tulimwangalia tu sahani ikiisha.

"Baba," mama mkwe akaanza, na macho yake yalikuwa na uchokozi, "na mi, niko wa ngapi?"

Baba alitafuna, akafikiri kama mtu aliyeulizwa swali la haki. "Katika enzi hii?"

"Katika enzi hii."

"Katika enzi hii, mama, huna mpinzani." Akasukuma sahani yake mbele kidogo. "Niongezee."